Mwalimu, onja kwanza

Mtihani wa jana ulikuwa kimeo, tuuache. Leo nina jambo linanikereketa, na mkinuna nuneni tu, maana hata mimi mwenyewe nimo.

Nilikuwa TP wiki nane Matiri, kule Mbinga. Mliozaliwa Dar, nendeni mpaka Songea, kama kilomita 950, ongezeni 100 hivi mpaka Mbinga mjini, hapo ulizeni njia. Julai kule baridi si mchezo, unaandika ubaoni vidole vimekufa. Ikifika saa nne hakuna anayewaza andalio la somo, ni chai tu!

Jirani na tulipopanga kuna mama ana tanuri la matofali nyuma ya jiko. Anaamka saa tisa usiku, anawasha kuni ndani ya tanuri mpaka matofali yashike moto, anakomba makaa yote, halafu anatupia unga kidogo mle ndani. Unga ukiungua papo hapo, anasubiri. Ukigeuka kahawia taratibu, anaingiza mikate na kuziba mdomo kwa bati na gunia lililolowa. Hamna kipimajoto wala nini. Na kwa baridi ile donge haliumuki kirahisi, kwa hiyo usiku beseni linakaa karibu na jiko, limefunikwa blanketi. Blanketi lake la kulalia, nimeliona. Anatoa skonzi na mkate wa ngano, na siku ndizi zikiiva kupita kiasi anaziponda na unga wa mahindi, anaoka kwenye majani ya mgomba. Huo mkate wa ndizi jamani... pembeni umekauka kidogo, katikati laini, una harufu ya moshi kwa mbali. Hapa chuoni sijala kitu kama hicho na sitegemei.

Sasa aibu yetu. Tulikuwa wanne. Kila asubuhi, "shikamoo mama", "marahaba walimu, onjeni kwanza". Anakata skonzi moja vipande vinne. Tunaonja, tunasifia, "mama leo umeua!", tunasepa. Siku tukichukua nzima tunasema andika.

Nimepiga hesabu. Wiki nane ni siku 40 za kazi, yaani skonzi 40 za kuonja tu. Kilo moja ya ngano kwake inatoa skonzi 20. Kilo mbili zimeishia midomoni mwa walimu watarajiwa, bado sukari, hamira, mafuta na kuni. Wamatengo ngano wanailima kwenye ngolo zao, sawa, lakini unga wa dukani ni habari nyingine, nchi hii inaagiza nje sehemu kubwa ya ngano inayokula. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 bei ilipanda mpaka vijijini. Mama aliniambia kipindi kile aliogopa kupandisha bei, akapunguza ukubwa wa skonzi, na watu wakamsema.

Mshikaji wangu ananibishia eti kuonja ni matangazo ya biashara, mama mwenyewe anakaribisha. Kha! Mtu anayeonja siku ya 40 bado yuko kwenye utafiti? Mbona hapa dukani, kwenye ule mkate wa nailoni, hakuna anayetoboa mfuko aonje? Mnalipa bei iliyoandikwa, kimya, na mkate wenyewe wa juzi. Mama wa watu anakaribisha kwa sababu ndivyo alivyolelewa, sisi tukageuza ukarimu wake kuwa punguzo la bei.

Na ndio sisi tuliokuwa tunafundisha mambo ya biashara! Nimesimama mbele ya Kidato cha Pili naeleza mtaji ni nini, na makombo ya mtaji wa mtu yako kwenye shati langu.

Msiniambie bumu lilichelewa. Kwenye daftari lake kuna wakulima wanaokopa mpaka hela ya kahawa ilipwe, na majina yao yamekatwa mstari, moja baada ya jingine. Ukurasa wa walimu wa TP, wa mwaka huu na wa mwaka jana, haujakatwa hata mstari mmoja. Bodi ya Mikopo ikichelewa wiki moja tunaandaa mabango. Mama amesubiri mwaka mzima na hajatuma hata meseji.

Juzi nimemtumia kwa simu deni langu, 3,400, nikaongeza 2,000 ya vipande vyangu, maana skonzi ni 200 na robo ya 40 ni kumi. Jioni akapiga.

"Mwalimu, umekosea, deni lako ni 3,400 tu. Hii 2,000 nakuwekea, ukija utakula mkate wa ndizi."

Nikakosa la kusema. Nyie wenzangu watatu mnajijua, namba yake ninayo.