Kamio za frigo: brikolaje ya zamani inafunguka leo, nani atalipa?

Kamio ya frigo ikiingia garaji ku Butembo, Beni ao Bunia, mara mingi shofere analeta neno moja tu: baridi inapunguka, ongezeni gazi. Fundi anafungua mfuniko wa masini ya baridi, ile inayokaa mbele ya sanduku, juu ya kabine, na hapo anaanza kukuta mambo ambayo hakuambiwa. Waya mbili zimeunganishwa pale palipopashwa kuwa kifaa cha usalama. Bomba imepakwa kole mahali ilipotoboka. Mkanda wa gari dogo umefungwa kwenye kompresere. Gazi ya aina moja imesukumwa juu ya gazi ya aina ingine, na hakuna mahali imeandikwa. Yote ni kazi ya mtu mwingine, siku ingine, labda ku Kampala, labda ku Mombasa, labda garaji ya jirani.

Fundi mwenye kuvumbua hayo iko na njia mbili, na zote ni mbaya. Akimwambia mwenyi kamio kwamba masini inaomba kufunguliwa yote, kazi ya siku mbili na piesi za bei, kamio itahamia garaji ya pembeni ambako wataongeza gazi kwa saa moja. Akinyamaza na kuongeza gazi, kisha kamio ikazimika njiani, watasema yeye njo aliiharibu, juu yeye njo wa mwisho kuigusa.

Mkaaji wa Kivu ya Kaskazini ao Ituri anaweza kufikiri hayo ni maneno ya mafundi na matajiri wa kamio. Lakini samaki ya frigo inayopitia mpaka wa Kasindi inatoka mbali. Kutoka bandari ya Mombasa hadi Kasindi ni zaidi ya kilometa 1500, na katika safari yote hiyo kitu kinacholinda chakula ni paka hiyo masini. Ikiwa imetengenezwa vibaya, mama anayeuzisha sokoni njo atajua wa mwisho, na mara zingine mtoto mwenye kula njo atajua mbele yake.

Gazi si mazutu

Jambo la kwanza la kuelewa: gazi ya frigo haiungui wala haiishi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresere inaikamua, inatoa joto inje, kisha inapanuka na kuvuta joto ya ndani ya sanduku, halafu inarudi kuanza tena. Masini iliyofungwa vizuri inaweza kutembea miaka na gazi ile ile. Kwa hiyo gazi ikipunguka, imetokea mahali, na mahali hapo pangali wazi. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kumwaga maji ndani ya ndoo iliyotoboka. Hata hivyo njo tengenezo linalopendwa, na sababu inaonekana: baridi inarudi siku ile ile, shofere anafurahi, kamio inaondoka.

Kosa la pili halionekani na macho. Bomba ikifunguliwa, hewa inaingia, na hewa iko na unyevu. Mbele ya kurudisha gazi, fundi anapashwa kunyonya hewa yote na pompi maalum, kwa muda mrefu, na kubadilisha chujio kinachokausha. Garaji isiyo na pompi inaruka hatua hiyo. Sasa tone dogo la maji linafika pale gazi inapopanuka, linaganda, linaziba njia, baridi inakatika. Masini ikisimama kidogo, barafu inayeyuka na baridi inarudi. Shofere atasema kamio iko na mapepo. Wakati huo unyevu unachanganyika na mafuta ya kompresere, unazaa asidi, na asidi inakula kompresere polepole. Itakufa miezi kadhaa kisha, mikononi mwa fundi ambaye hakufanya kosa lolote.

Kuna tena mchanganyiko wa gazi. Kamio nyingi za frigo zilizoanza maisha yake Ulaya zinatumia ile inayoitwa R404A, ambayo yenyewe ni gazi tatu zilizochanganywa kwa kipimo. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2014, ulianza kuipunguza, kwa kuwa inapasha dunia joto karibu mara 3900 kupita kaboni dioksidi. Ku Kigali, mwezi wa kumi 2016, mataifa mengi yalikubaliana kupunguza jamaa yote ya gazi hizo. Kwa hewa ya dunia ni jambo nzuri. Lakini kamio za zamani hazikufa siku hiyo: zinauzwa, zinashuka Afrika, na gazi yake inakuwa ya bei. Fundi anaweka ile anayoipata, kwa mfano R134a, ile ya klimatizere za magari. Masini ya R404A ikipewa R134a itapoza kiasi cha kutosha soda. Digri 18 chini ya sifuri, ambazo samaki iliyogandishwa inaomba, ni vigumu kuzishika.

Waya zilizounganishwa nazo ziko na historia yake. Vumbi ya barabara inaziba radiatere ya masini, gazi inashindwa kutoa joto, presio inapanda, na kifaa cha usalama kinazima yote. Hiyo njo kazi yake. Dawa ni kuosha radiatere. Lakini saa nane ya usiku, mzigo ukiwa unalegea, mtu anaruka kifaa hicho na kipande cha waya, masini inawaka tena. Waya inabaki pale. Hakuna anayekumbuka kuitosha, na siku ambapo presio itapanda kweli, hakuna kitu kitazima masini mbele kompresere haijaungua.

Na kuna brikolaje moja ambayo si haraka tena, ni udanganyifu: kugusa kipimo chenyewe. Kipimo cha baridi ndani ya sanduku ni kifaa kidogo kinachotuma alama ya umeme. Kikiharibika na kubadilishwa na kipande kingine kinachotuma alama ile ile siku zote, namba inayoonekana inje haitasonga hata sanduku likiwa la moto. Mnunuzi anayesoma namba hiyo na kushukuru, anasoma ukuta.

Fundi anayekuja kisha

Mwaka 2011 watu watatu walikufa ku Vietnam na Brazil katika kazi za makontena ya frigo. Ndani ya makontena hayo kulikuwa gazi ya uongo iliyopita kama R134a, kumbe ilichanganywa na kloromethani, ile wanaita R40. Hiyo ikikutana na aluminiamu ya kompresere inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Uchunguzi ulielekea matengenezo yaliyofanywa mbele yake ku Vietnam, na makampuni ya meli yaliweka mamia ya kontena pembeni. Kwa inje, kontena mbaya ilifanana kabisa na nzuri.

Hapa mashariki hatari iliyo karibu zaidi ni gazi ya kupikia. Propani na butani zinapoza vizuri, na kuna masini zilizotengenezwa kwa ajili yake, na alama juu yake. Lakini mtu akizitia ndani ya masini isiyokuwa yake, bila kuandika kitu, anamwachia mwenzake bomu. Fundi anayekuja kisha atashika moto wa kuchomelea, atafungua bomba akidhani ni gazi isiyowaka. Kwa hiyo swali la kwanza la garaji lilipashwa kuwa "ndani mliweka nini?" mbele ya "mko na dola ngapi?" Na mara mingi shofere hawezi kulijibu, kwa kuwa kamio ilipita mikono mitano mbele yake.

Samaki inayolegea na kuganda tena

Watu wengi hawajui kwamba masini ya kamio haikutengenezwa kwa kugandisha. Ilitengenezwa kwa kuchunga baridi ya mzigo ulioisha kugandishwa. Samaki ikilegea njiani, masini hiyo itaomba muda mrefu sana kuigandisha tena, na wakati huo bakteria zinafanya kazi.

Njia za huku zinaongeza shida. Kamio inangojea duane ku Kasindi, inangojea konvua ikiwa njia iko na hatari, inangojea kwenye matope. Masini ya baridi iko na mota yake na inakunywa mazutu hata kamio ikisimama. Masini nzima inaweza kuvumilia hayo. Ile iliyobrikolewa, na tundu, na waya, na ukuta wa sanduku ulioingia maji ambao hauzuii tena joto, inaweza kuonekana sawa ikiwa njia ni nzuri. Kungojea siku mbili juani njo kunaifunua.

Kwa samaki kama makaro na zile za jamaa yake, kulegea kunazaa histamini. Hii ni sumu inayopashwa kujulikana masokoni. Haiondoki kwa kupika, haiondoki kwa kukaanga, haiondoki kwa kugandisha tena, na samaki inaweza kuwa nayo bila kunuka. Mwenye kula anaona uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinauma, mwili unawasha, anatapika ao anaharisha, wakati mwingine dakika chache kisha ya kula. Watu watasema ni sumu ya jirani. Ni vizuri kwenda kituo cha afya na kutaja samaki waliyokula, ili munganga aelewe mbio.

Karto yenyewe inasema kitu, hata namba ya kamio ikidanganya. Karto iliyolowa kisha ikakauka ikiwa imepinda, damu iliyoganda chini kama sahani, samaki zilizoshikana kuwa jiwe moja, barafu nyingi ndani ya plastiki: hizo ni alama za mzigo uliolegea na kuganda tena. Wamama wanaonunua kwa jumla wanazijua. Shida ni kwamba wananunua kwa deni, na anayenunua kwa deni hachagui karto.

Kitabu kilichobaki upande ule

Je, mafundi wa hapa hawajui kazi? Hiyo ni jibu rahisi na si ya haki. Fundi anayeweza kuamsha masini ya miaka 20 bila piesi ya kweli iko na akili. INPP, iliyoundwa 1964, inafundisha kazi ya baridi, na vijana wanajua pompi ya kunyonya hewa ni nini. Shida iko katika namna ya kulipa. Mwenyi kamio iko mbali na anaongea kwa telefone. Shofere iko na pesa kidogo ya njia. Mwenyi mali analia mzigo wake. Wote watatu wanaomba jambo moja: kamio itoke. Fundi analipwa kamio ikitoka, halipwi kwa namna itakavyokuwa kisha ya miezi sita.

Ulaya, mwenyi kamio kubwa ya frigo anapashwa kuchunga maandishi: aina ya gazi, kiasi kilichoongezwa, tundu lililopatikana, jina la aliyetengeneza, na fundi mwenyewe anapashwa kuwa na cheti. Kamio ikiuzwa kuja huku, unaweza kupata plaki na kadi yake. Kitabu cha gazi kinabaki upande ule.

Ku mpaka, OCC na huduma ya usafi wanatazama bidhaa, na wako na haki ya kukataa chakula kilichoharibika. Lakini kutazama samaki siku moja ku Kasindi si kutazama masini itakayoibeba hadi Bunia. Wakaaji wa Beni na Butembo wanajua baridi inaweza kuandikwa na kuhakikishwa. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, chanjo iliyotumiwa huku ilichungwa kati ya digri 60 na 80 chini ya sifuri, ndani ya majimbo haya haya, kwenye barabara hizi hizi. Hata chupa za chanjo nyingi za watoto ziko na alama ndogo inayobadilika rangi ikiwa joto ilipita kiasi. Samaki haina alama hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo vyama vya wanunuzi wa samaki vinaweza kuomba bila kungojea sheria: kitabu kimoja ndani ya kila kamio, kinachoandikwa na kila garaji, na haki ya mwenyi mali kukisoma na kuingiza termometa yake mwenyewe ndani ya sanduku mbele ya kupakia. Kitabu kinamlinda fundi kwanza. Aliyekuta waya ataandika kwamba aliikuta, na tarehe. Matajiri wa kamio hawatapenda, kwa kuwa kamio yenye kitabu kibaya inauzwa bei ya chini, na hapo njo mjadala wa kweli utakuwa.

Kutafuta tundu, kulifunga, kunyonya hewa na kujaza gazi kwa mizani inaweza kula siku nzima, na siku hiyo hakuna leo anayekubali kuilipa. Konvua ikitoka asubuhi, kamio itatoka nayo.