Mtoto akileta kobe nyumbani, usikimbilie kujenga uzio

Mvua za Kyela mnazijua. Ikinyesha usiku kucha, asubuhi kila kiumbe kiko njiani. Ndivyo kijana wangu wa darasa la nne alivyoingia uani amembeba kobe kwa mikono miwili. Alimkuta pembeni ya shamba la kakao. "Mama, nimemwokota. Ni wangu."

Nikiri kwamba nilikubali haraka. Tangu mbwa wetu afe, mtoto huyu alikuwa kimya mno, na siku ile nilimsikia akicheka. Jioni hiyohiyo tukaanza kazi. Baba yake akaleta mianzi, tukaichomeka ardhini, tukazungushia uzio, tukalala tumeridhika.

Asubuhi kobe hayupo. Alikuwa amechimba chini ya mianzi akaenda zake. Jirani yetu, mzee tunayemheshimu, ndiye aliyemrudisha. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, mnyama huyu mna kibali chake?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kumuuliza afisa wanyamapori. Akanieleza kwamba chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa. Kobe naye yumo, hata kama kajileta mlangoni. Akatushauri tumrudishe palepale alipookotwa, kwa kuwa pale ndipo anapojua chakula chake na maficho yake.

Kumwambia mtoto ndiyo ilikuwa kazi. Alilia, akasusa chakula. "Mbona Zanzibar wanafuga?" akaniuliza. Aliwahi kuona picha ya kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu.

Swali zuri, nikalijibu kwa ukweli. Kobe wale asili yao ni Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919, wakazaana. Miaka ya 1990 wezi waliwaiba wengi hadi wakakaribia kwisha, ndipo wakawekewa uzio na walinzi. "Kwa hiyo uzio wao ni wa kuzuia watu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza. Kesho yake tulikwenda wote kumrudisha. Kijana akamweka chini ya majani mwenyewe, akasubiri mpaka akatoa kichwa na kuondoka.

Basi uzio ukabaki mtupu, na mtoto naye hana wa kumtunza. Tukaamua tununue bata watatu, na safari hii tukajenga kwa akili. Haya ndiyo tuliyojifunza, yatawafaa hata wa sungura:

1. Chagua sehemu ya juu. Huku kwetu maji hutuama haraka. Pandisha udongo, chimba mfereji wa kutolea maji upande wa mteremko.

2. Anza chini. Chimba mtaro wa futi moja kuzunguka eneo lote, panga matofali ndani yake, ndipo usimamishe nguzo. Kobe alitufundisha kutoka, lakini mbwa na nguchiro huchimba kuingia.

3. Tumia waya wenye matundu madogo. Kwenye tundu kubwa nguchiro hupenya. Funika na juu pia, mwewe hana hodi.

4. Acha kivuli. Jua la mwambao wa ziwa ni kali. Sisi tuliuacha mgomba mmoja ndani.

5. Mlango uwe na komeo imara. Usiku bata walale kwenye kibanda kilichofungwa, chini mwaga pumba kavu za mpunga na uzibadilishe zikilowa.

6. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kushika mnyama, ndege au vyombo vyao. Kobe na bata wanaweza kubeba vijidudu vya salmonella bila wenyewe kuonekana wagonjwa, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi.

Mtoto wako akileta mnyama wa porini, usimpige wala usimtupe mnyama mbele yake. Msifu kwa huruma yake, muulize amempata wapi, kisha mrudisheni pamoja. Mnyama akiwa ameumia, au kama mmeshakaa naye muda mrefu, muulize kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Kijana wangu sasa huhesabu bata wake kila jioni kabla ya kufunga komeo. Na tukipita pale kwenye kakao, bado huinama kuchungulia chini ya majani. Simharakishi. Nasimama namsubiri.

Tukutane wiki ijayo.