Ridhaa Isiyoeleweka

J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alionyesha kuwa kutamka baadhi ya vitenzi ndiko kutenda kwenyewe. “Nakubali” ni kimojawapo. Hata hivyo, tendo la aina hii huweza kubatilika iwapo masharti yake hayakutimizwa.

Mzazi wa Igoma, jijini Mwanza, anayempakulia mwanawe mchezo wa simu huletewa kurasa nyingi za masharti, aghalabu kwa Kiingereza. Hubonyeza kitufe cha kukubali, na taarifa zake huanza kukusanywa. Je, amekubali nini?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitambua ridhaa ya mwenye taarifa. Aidha, mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria nchini. Kwa maoni yetu, ridhaa iliyotolewa kwa lugha isiyoeleweka si ridhaa. Lakini tafsiri ngumu nayo haitamfaa mzazi huyo. Hapa ndipo wanaisimu tunapodaiwa kazi. Neno “faragha” tunalo, kinachokosekana ni sentensi fupi, kabla ya kitufe: “Tutajua ulipo.”