Nani Amlipe Anayehakiki Data za Saratani?

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Medicine habari iliyowapa madaktari wa saratani matumaini makubwa. Walisema wakisoma jeni za uvimbe wanaweza kutabiri ni dawa ipi itamfaa mgonjwa na ipi itamtesa bure. Madaktari wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walitaka wagonjwa wao nao wafaidike. Wakawaomba wataalamu wa bioinfomatiki (uchambuzi wa data za vinasaba kwa kompyuta) wa hapo hapo kituoni, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wawaeleze njia hiyo inavyofanya kazi.

Wawili hao waliichukua data, wakarudia hesabu, na majibu yakagoma kutoka. Kosa lenyewe linauma kwa udogo wake. Orodha za jeni zilikuwa zimeteleza mstari mmoja kwenye jedwali, kwa hiyo jeni moja ikabeba vipimo vya jirani yake. Kwingine alama ziligeuzwa: seli zinazosikia dawa ziliandikwa sugu, na zilizo sugu zikaandikwa kuwa zinasikia. Maana yake mgonjwa angeweza kuchaguliwa dawa ile ile ambayo uvimbe wake hauisikii. Na tangu 2007 Duke ilikuwa imeanza kuandikisha watu katika majaribio ya tiba. Walifika zaidi ya 100.

Baggerly alikadiria kwamba ukaguzi ule uliwala saa zipatazo 1,500. Waliandika pingamizi fupi mwaka 2007, kisha makala kamili mwaka 2009, tena katika jarida la wanatakwimu ambalo madaktari wachache hulifungua. Majaribio yalisitishwa, yakarudishwa mwanzoni mwa 2010, na hayakusimama moja kwa moja mpaka chapisho la The Cancer Letter lilipofichua, mwaka huo huo, kwamba Anil Potti, mmoja wa watafiti hao wa Duke, alijipachika ufadhili wa masomo wa Rhodes ambao hakuwahi kuupata. Mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ilihitimisha kwamba alitumia data za uongo.

Mimi nang'ang'ania zile saa 1,500. Vituo vingi vya utafiti vina kitengo cha pamoja cha bioinfomatiki, na ni busara: maabara moja haiwezi kumwajiri mtu wa kuchambua vinasaba, kumnunulia kompyuta zenye nguvu na kumtunzia data, wakati yenyewe inamhitaji miezi michache tu kwa mwaka. Ubishi uko kwenye malipo. Wakurugenzi wengi hupenda mtafiti alipe kwa saa. Lakini ni mtafiti gani angetoa fedha zake zilipie saa 1,500 za kuthibitisha kwamba njia anayoitamani haifai? Anayelipa kwa saa hununua jibu, na mchambuzi ambaye mshahara wake unategemea mteja kurudi ana kila sababu ya kulegeza ulimi.

Wanaotetea ada wana hoja nzito, na siipuuzi. Huduma ya bure huvuta msururu, na maabara kubwa hujaza foleni huku mwanafunzi wa uzamili akingoja. Wapo pia wanaoleta sampuli zilizokusanywa ovyo wakitarajia kompyuta iziponye. Basi ada itozwe kwa kazi ya mazoea, kama kupanga data ghafi na kuihifadhi. Ushauri wa kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, na uhakiki wa matokeo kabla hayajamfikia mgonjwa, vilipiwe na mfuko wa taasisi. Mchambuzi naye awe na haki ya kuzuia jina lake lisiwekwe kwenye makala asiyoiamini.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee. Saratani ya umio inaua watu wengi katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na sababu zake hazijaeleweka vizuri. Majibu yatahitaji vinasaba vya wagonjwa wetu, na wachambuzi wetu. Mtandao wa bioinfomatiki wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Cape Town kuanzia 2012 ukiwa na washirika kama chuo cha Muhimbili na kituo cha utafiti cha icipe cha Nairobi, ulifundisha vijana wengi kazi hii. Ila fedha zake zilitoka kwa wafadhili wa nje na zilikuwa na mwisho. Kijana aliyefundishwa vizuri akikosa ajira ya kudumu ataondoka, na anayebaki kwa mikataba ya mradi hadi mradi atamwambiaje profesa anayemlipa kwamba jedwali lake limeteleza?

Vyuo vyetu na hospitali zetu za saratani vianze na nafasi mbili au tatu za pamoja zinazolipwa kutoka bajeti kuu, kama anavyolipwa mkaguzi wa ndani wa hesabu. Mwaka 2012 Taasisi ya Tiba ya Marekani, ikijifunza kutokana na mkasa wa Duke, ilitaka kanuni ya kompyuta ifungwe na ihakikiwe kabla haijatumika kuamua tiba ya mtu, na data pamoja na programu zake ziwe wazi kukaguliwa. Ukaguzi huo hauwezekani pasipo mtu mwenye muda na mshahara wa kuufanya.