Tuwajue Walezi wa Chuo Kabla ya Kufunga Safari



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Barua za kujiunga na vyuo zinapotoka, hazitazami umbali wa nyumbani. Binti wa Kisauni, wa Malindi au wa Faza hujikuta amepangiwa chuo cha Eldoret, safari ya kiasi cha kilomita 800 kutoka Mombasa, kwenye nyanda za juu ambako asubuhi za Julai hutaka sweta nzito. Hapo nyumba huingia mashauri. Baba huhesabu karo na nauli. Bibi huuliza mjukuu wake atasitirika vipi. Mama huuliza kama uko msikiti karibu na kama chakula ni cha halali. Maswali yote hayo ni ya haki, lakini liko moja ambalo twalisikia kwa nadra: ni nani hasa watakaomlea mtoto huyu huko aendako? Jina la chuo twalijua, mkuu wake hatumjui. Nambari ya akaunti ya karo tunayo, nambari ya msimamizi wa bweni hatuna.

Waarabu wana hekima ya kale kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba. Nasi twasema walimu na watumishi wa chuo wajulikane kabla ya sanduku kufungwa, kwa sababu siku ya shida si siku ya kuanza kuulizana majina.

Tumjueje kiongozi? Kisa cha mzee wa Madyan katika Suratul Qasas chatupa mizani. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mgeni mkimbizi, akawanywesheza wanyama mabinti wawili waliokuwa wamejitenga pembeni ya kisima. Mmoja wao ndiye aliyemshauri babake amwajiri mgeni yule, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Maana yake ni uwezo wa kuifanya kazi na amana ya kuifanya vyema. Mama zetu na dada zetu na waizingatie nukta hii: aliyempima mtu kwa mizani hiyo alikuwa msichana, na babake alimsikiliza. Basi binti zetu nao tuwafunze kupima, kisha tuwasikilize.

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, ni mji wa vyuo kwa muda mrefu sasa. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83 tu, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Douglas Odhiambo, aliongoza watu wanaotoshea katika ukumbi mmoja. Leo wanafunzi wa huko ni maelfu. Lakini vyuo vya kadiri vingalipo mjini: vya ufundi, vya uuguzi na utabibu, vya biashara, vya serikali na vya watu binafsi. Katika chuo kidogo viongozi wote huenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na hiyo ni neema. Ina upande wake wa pili pia: milango ni michache, na mlango mmoja ukifungwa ni lazima mtoto ajue wa pili uko wapi.

Wa kwanza ni mkuu wa chuo. Yeye ndiye mwenye kubeba jina la chuo mbele ya bodi na mbele ya serikali. Kwake tuulize jambo la msingi: je, chuo kimesajiliwa? Vyuo vya ufundi husajiliwa na mamlaka ya TVETA chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Chuo cha kweli hakioni haya kuonyesha cheti chake. Asiyetaka kuulizwa swali hili amekwisha kutujibu.

Wa pili ni msajili. Huyu ndiye mwenye daftari la majina na matokeo. Kwa watu wa pwani ana umuhimu wa pekee, maana majina yetu huandikwa kwa namna nyingi. Fatma wa cheti cha kuzaliwa akiwa Fatuma wa kitambulisho na Fatima wa orodha ya mtihani, siku ya kuchukua shahada atasumbuka sana. Herufi moja irekebishwe wiki ya kwanza, isingojwe mwaka wa tatu.

Wa tatu ni mkuu wa idara. Ratiba ya masomo, mitihani na mazoezi ya kazini yako mikononi mwake. Aulizwe mapema kuhusu vazi la karakana na la wodini, kipindi cha adhuhuri, sala ya Ijumaa, na mtihani ukiangukia Idi. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 32, imelinda uhuru wa dini na imekataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake. Hata hivyo haki huombwa kwa adabu na kwa wakati wake. Barua fupi ya mwanzo wa muhula hufaa kuliko ugomvi wa asubuhi ya mtihani.

Wa nne ni mlezi wa wanafunzi, pamoja na mshauri nasaha na matroni wa bweni. Hawa ndio walio karibu na usiku wa mtoto: akiugua, akikosa usingizi, akilia kwa upweke. Matroni ndiye wa kuulizwa kabla ya Ramadhani kama wasichana watapata maji ya moto ya daku, na lango hufungwa saa ngapi wakati wa tarawehe. Mara nyingi mtumishi huyu asiye na ofisi kubwa ndiye kiongozi ambaye binti yako atamhitaji zaidi.

Wa tano ni mhasibu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karo ilipwe kwa njia iliyoandikwa katika barua ya chuo, isitumwe kwa simu ya mtu binafsi hata akijiita nani, na kila stakabadhi ihifadhiwe. Tusimsahau mkutubi, wala bawabu wa langoni. Binti anayewajulia hali hao kila siku huwa na macho ya watu wazima yanayomtazama kwa wema.

Liko jambo zito ambalo wazazi hulionea haya, na haya hiyo huwaangamiza watoto. Wako watu, japo ni wachache, wanaoitumia kalamu ya alama kumtaka mwanafunzi asichostahiki. Dini yetu imekataza faragha ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu, na hekima yake huonekana hapa: kazi za masomo zipelekwe ofisini saa za kazi, mlango ukiwa wazi au mwenzake akiwapo, kamwe si nyumbani kwa mwalimu. Likitokea la kutokea, binti ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 imefanya usumbufu wa mwenye mamlaka kuwa kosa la jinai. Ahifadhi ujumbe aliotumiwa, amwendee mlezi wa wanafunzi, na mlango huo ukifungwa aende kwa mkuu wa chuo, au dawati la jinsia la polisi, au apige nambari ya bure 1195. Na sisi wazazi neno letu la kwanza lisiwe kumuuliza alivaa nini. Liwe: mwanangu, twakuamini. Mtoto anayeogopa kulaumiwa nyumbani hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko mkosaji anakokutegemea.

Huenda mtu akasema: wengi wa viongozi hao si Waislamu, tutawaaminije? Na akumbuke kwamba usiku wa hijra Mtume (S.A.W.) aliikabidhi njia yake kwa Abdullah bin Uraiqit, mtu ambaye hakuwa Mwislamu, kwa sababu aliijua njia na alitunza amana. Ni mizani ile ile ya Madyan. Tuwaendee kwa heshima, tuwaite kwa vyeo vyao, tuwashukuru wanapotenda wema. Kiongozi aliyepata kuonana na mzazi hatamsahau upesi mtoto wake.

Basi tufanyeje? Mwenye uwezo na amsindikize binti siku ya kuripoti, na asirudi kabla ya kuonana walau na watatu katika hao watano. Asiyeweza na apige simu ya chuo, ajitambulishe, aandike majina na vyeo. Nakala moja ikae kwa binti, nyingine kwa mama. Na katika fomu ya chuo, palipo na nafasi ya jamaa wa kuarifiwa wakati wa dharura, jina la mama liandikwe pamoja na la baba. Mara nyingi mama ndiye anayeshika simu saa nane za usiku. Kisha atafutwe imamu wa msikiti wa karibu na familia moja ya Kiislamu ya mjini, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wako mabinti waliofaulu vizuri na wakabaki nyumbani kwa sababu tu wazazi waliwahofia watu wasiowajua. Hofu hiyo haitibiwi kwa kumfungia mtoto mlango wa elimu. Hutibiwa kwa kuwajua watu hao, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wanaosoma mbali, awajaalie walimu wenye nguvu na uaminifu, na awarejeshe kwetu wakiwa na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.