Bei Ya Madini Yetu Hupangwa Na Nani?

Malori yatokayo Kolwezi, Kongo, kwenda bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma usiku na mchana. Yamebeba shaba, yamebeba na kobalti, madini yaingiayo katika betri za magari ya umeme. Katika kila tani 10 za kobalti ichimbwayo duniani, 7 hutoka Kongo. Mtu angedhani basi kuwa Kongo ndiyo ipangayo bei. La hasha! Kobalti hutoka ikiwa ghafi, ikasafishwe China, na bei hutoka huko kwa wanunuzi.

Tazameni lithiamu. Novemba 2022 tani moja ya kaboneti yake ilipita yuan 500,000 huko China. Kila mwenye mgodi akakimbilia bei ile, Australia, Zimbabwe na China yenyewe, na kufika katikati ya 2025 tani haikufika hata yuan 70,000.

Kobalti nayo ilianguka. Februari 2025 ratili moja iliuzwa kwa dola 10 hivi, na Serikali ya Kongo ikafunga mlango: hakuna kobalti kutoka! Oktoba ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa kipimo, tani 96,600 tu kwa mwaka 2026, na kiasi hicho hicho kwa 2027. Bei ilikwisha panda zaidi ya maradufu. Tuliofurahi tulikuwa wengi, nami nilikuwamo.

Lakini mnunuzi naye halali. Mafundi wa China wanatengeneza betri za chuma na fosfati, zisizotaka kobalti wala nikeli, na magari mengi ya huko sasa yanazitumia. Wazee wa Tanga watawaeleza habari hii vizuri zaidi yangu. Katani yetu iliitwa dhahabu. Zikaja nyuzi za plastiki katika miaka ya 1960, bei ikaanguka, mashamba yakarudi pori.

Nasi tunayo nikeli Kabanga, wilayani Ngara, bado imo ardhini. Mkataba wa Januari 2021 ulitaja mgodi pamoja na kiwanda cha kusafishia, Kahama. Mgodi peke yake ni malori mengine tu ya ghafi. Wabunge wetu waulize waziwazi: kiwanda kitaanza kazi mwaka gani, na bei ikianguka kabla ya hapo, hasara ataibeba nani?