Kioo Si Akiba

Wako mafundi wanaosifika kwa werevu, ambao humshauri kila mwanachuoni anunue diski mbili, aziunganishe ziwe kama moja, aweke katika kompyuta yake mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, kisha alale usingizi wa amani. Ushauri huu una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Asili ya jambo lenyewe ni njema. Mwaka wa 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, walitoa makala iliyodai kuwa diski nyingi za bei ndogo, zikipangwa kwa hekima, zaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei kali. Walitaja daraja tano. Ya kwanza ni kioo: kila kiandikwacho katika diski moja huandikwa vilevile katika ya pili. Daraja iitwayo leo sifuri haikuwamo katika tano hizo. Hiyo ni ya mistari: faili hukatwa vipande, hiki huku na hiki kule, ili diski mbili zifanye kazi kwa pamoja na kwa mbio. Jina laifaa, maana akiba yake ni sifuri kweli.

Ikikadiriwa kuwa kila diski ina hatari ya kufa ya 3 katika 100 kwa mwaka, diski mbili za mistari zina hatari ya karibu 6 katika 100, kwa kuwa kufa kwa moja ni kufa kwa zote. Kwa faili za kupita hakuna lawama. Kwa tasnifu ya miaka mitatu ni kamari.

Watetezi wa kioo hujibu kuwa wao hawamo katika kamari hiyo. Ni kweli kwamba kioo hustahimili kifo cha diski moja. Lakini kioo hakichagui. Mwanafunzi akifuta sura ya nne kwa kukosea, sura hiyo hutoweka pande zote mbili kwa nukta ileile. Kirusi kikizifunga faili kwa fumbo, huzifunga zote. Mwizi naye habebi diski moja akaacha ya pili.

Penye mifumo miwili hatari huzidi, na hapo ndipo washauri hunyamaza. Katika kompyuta nyingi za mezani kazi ya kioo haifanywi na chombo maalumu bali na programu: alama huwekwa katika diski, na kila mfumo hutarajiwa kuzisoma na kuzitii. Tangu mwaka wa 2004 Intel iliwezesha hata diski mbili zilezile kugawanywa, sehemu kioo na sehemu mistari. Windows huona diski moja; Linux isipozitambua alama huona mbili, na ikiandika katika moja tu, kioo huonyesha nyuso mbili, wala hapana ajuaye upi ni wa kweli. Tena, tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, kuzima aghalabu si kuzima kabisa: mfumo huacha kumbukumbu zake katika diski ili uamke upesi. Linux ikilazimishwa kuandika katika sehemu ya Windows wakati huo, faili zaweza kuharibika.

Diski ileile ya pili, ikitolewa nje ya kompyuta, ikanakiliwa faili kila juma na kufungiwa katika nyumba nyingine, huweza kurudisha sura iliyofutwa jana, kazi ambayo kioo hakiiwezi kabisa. Washauri hawaisifu, labda kwa sababu haina fahari. Na anayetaka mifumo miwili aipe kila mmoja diski yake, bila ya alama za ushirika. Hilo lataka bisibisi moja na alasiri moja.